Siku Niliyokuwa Mamba

Wewe unayenisikiliza, umewahi kumdanganya ndege kwa lugha yake mwenyewe? Usijibu haraka. Sisemi kumtupia punje mpaka aingie kwenye tundu, hilo hata watoto wanafanya. Nasema kumwambia neno, kwa sauti anayoiamini, naye akalishika lile neno lako na kuondoka nalo, watoto wake nyuma. Mimi nimeona likifanyika. Na sikuona tu, nilishiriki, kwa tumbo langu na kwa magoti yangu haya haya unayoyaona.

Naitwa Edeltruda. Shule nilisoma mpaka darasa la saba, nikaolewa, nikazaa, nikazika, nikabaki na mjukuu wangu Gaudensia, ambaye nimemlea tangu hajaota meno. Tunakaa ukingoni mwa Hifadhi ya Nyalukindo, katika bonde la Kilombero, pale mto unapochoka kukimbia ukajimwaga na kuwa vijito, vidimbwi, matete na visiwa vya mchanga. Gaudensia ndiye mtaalamu wa Kinywa cha hifadhi, chombo cha kusemezana na ndege. Mimi ni mpiga kafi. Ndani ya Nyalukindo injini hairuhusiwi, hata hizi za siku hizi zisizotoa sauti, kwa sababu ndege huzisikia hata sisi tusipozisikia. Droni nazo ziliachwa baada ya furukombe, wale tai wala samaki, kuziangusha mpaka wakubwa wa hifadhi wakachoka kununua. Basi ukitaka kwenda ndani, unakwenda kwa kayaki. Na wanaojua njia za humo ndani ni sisi wenye nywele nyeupe.

Asubuhi hiyo nilikuwa napaka nta tumboni mwa kayaki yangu. Kayaki zetu zinatengenezwa kwa pumba za mpunga zilizosagwa na kugandishwa kwa utomvu. Ni nyepesi, rangi yake kama tope lililoanza kukauka, na hazina shimo la kuingiza miguu. Unakaa juu yake kama umekaa kwenye mkeka. Hilo la kukaa juu ulikumbuke, litatufaa mbele.

Bwana Melkiori, mkuu wa kituo, akaja akitembea haraka, na si mtu wa haraka yule.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba. Mbona unahema hivyo?"

"Mvua imenyesha huko milimani, kiangazi hiki hiki. Bwawa la juu limejaa mpaka mdomoni. Wanafungua milango sasa hivi, wasipofungua ukuta hautahimili. Maji yatatufikia jioni."

"Na watu wa mashamba ya bondeni?"

"Hao nawahamisha mimi. Malori yapo njiani."

Gaudensia alikuwa ndani anakunywa chai. Akatoka na kikombe mkononi. "Na wachanamaji?" akauliza.

Mchanamaji ni ndege mweusi mgongoni, mweupe tumboni, mwenye mdomo mwekundu ambao kipande cha chini ni kirefu kuliko cha juu. Akiwinda anaruka chini kabisa, ule mdomo wa chini unachana maji kama mkasi unavyochana kitambaa. Hutaga juu ya mchanga mtupu, wakati wa kiangazi, mto ukiwa umepungua. Kundi la Nyalukindo ndilo kundi kubwa lililobaki katika mto wote, na siku hiyo kisiwa chao kilikuwa kimejaa makinda wasioweza kuruka bado.

"Ndiyo maana nimekuja kwako," akasema Melkiori.

*

Ngoja nikueleze Kinywa, maana bila hicho hutaelewa kilichotusumbua.

Ni kitu cha ukubwa wa chupa ya chai, kinafungwa mbele ya kayaki. Kina masikio pande zote, na kwa mbele kina tundu la kutolea sauti. Kinasikiliza ndege, kinachambua mlio, kisha kinaandika kwenye kioo chake: mamba, tai, samaki wapo, njoo, ondoka. Hayo ni upande wa kusikia. Upande wa pili, ukikigusa, kinasema. Walipokibuni walidhani kazi imekwisha. Wakasema "mamba!" kwa lugha safi kabisa ya ndege, na ndege wakaendelea kujichokoa manyoya. Ilichukua muda kuelewa kwamba ndege, kabla hajasikiliza neno, anauliza kwanza ni nani anayelisema. Kama sisi tu. Mlevi wa kilabuni akipiga kelele za moto, watu wanamalizia chakula chao.

Kwa hiyo ukitaka kuaminiwa una njia mbili. Ya kwanza ni kuazima sauti ya ndege anayeheshimiwa na wenzake. Kinywa kinaiga hata mkwaruzo wa koo lake. Njia ya pili ni kujitengenezea sauti yako mwenyewe, isiyo ya ndege yeyote, na kuisemea kweli siku zote mpaka waizoee. Hiyo ya pili ni kazi ya uvumilivu, na Gaudensia ndiyo aliyoichagua. Sauti yake ni mlio mfupi unaopanda halafu ukashuka, kama mtu anayeuliza na kujijibu. Kiangazi kwa kiangazi amekuwa akipita na sauti hiyo. Tukipita anasema "tunapita". Mamba akiwapo anasema "mamba". Asipokuwapo anakaa kimya. Mwishowe wakamkubali, na mara nyingine yeye akiita, wao wanamjibu.

Njia ya kwanza aliikataa baada ya mgeni mmoja mtaalamu kuja kuijaribu. Aliazima sauti ya korongo fulani, akawatimua wenzake kwa hofu ya uongo ili apige hesabu zake. Korongo wakarudi, hawakuona kitu. Wakamgeukia yule mwenzao ambaye hata mdomo hakufungua. Walimdonoa, wakamfukuza kwenye miti yao, akawa analala peke yake kwenye mti mkavu mpaka tukamkuta chini. Gaudensia alimzika. Siku hiyo chakula hakula.

Ndivyo alivyo mjukuu wangu. Hasemi anachotaka. Tangu mdogo, ukimuuliza utakula kipande gani cha samaki, anajibu "chochote, bibi." Nguo gani? Yoyote. Shule gani? Yoyote. Ni mtu mzima sasa, ana kazi na cheo, na bado ni hivyo hivyo. Anayejua wanachotaka ndege wote wa bondeni, yeye mwenyewe ukimuuliza anatazama pembeni.

*

Tulishuka majini jua likiwa bado la upole, kila mtu na kayaki yake. Mimi mbele, yeye nyuma.

Lazima nikuambie jinsi Nyalukindo ilivyokuwa, maana asubuhi ile ilikuwa nzuri hata nikaona ni kama inatudhihaki. Maji yalikuwa meusi na mepesi kama chai ya rangi. Kafi lilikuwa linaingia bila sauti, pande mbili, huku na huku, matone yanadondoka kwenye mapaja. Yangeyange walikuwa wamesimama kwenye kina kifupi kama nguo nyeupe zilizoanikwa. Yule ndege mwenye vidole virefu vya kutembelea majani ya yungiyungi alipita mbele yangu, watoto wake wamejificha chini ya mbawa zake, miguu tu inaning'inia, utadhani ndege mmoja mwenye miguu minane. Sheshe, wale swala wa bondeni, walikuja ukingoni kunywa, wakatutazama, wakaendelea kunywa. Juu ya mafunjo, kwera dume alikuwa anasuka kiota, na jike alikuwa pembeni anakikagua kama mama mkwe.

"Tunapita," Kinywa kikasema kwa sauti ya Gaudensia.

Huku na kule wakaitikia. Nilitazama nyuma nikamwona anatabasamu, tabasamu dogo ambalo anadhani halionekani.

"Wamekujibu," nikamwambia.

"Wanajibu kila siku, bibi."

"Na kila siku unacheka."

"Piga kafi, bibi. Viboko hao kulia."

Nilishawaona. Niligonga ubavu wa kayaki kwa mpini wa kafi, taratibu, kama mtu anayebisha hodi, tukangoja mpaka wakashusha vichwa na kutupisha. Pale pa viboko hapana mashine inayosaidia. Unabisha hodi, unangoja.

Simu ya upepo ikaanza kukoroma. Melkiori.

"Gaudensia, maji yamepita daraja la juu. Yanakuja haraka kuliko walivyosema. Tumia sauti ya Mwenyekiti, umenisikia? Wataondoka mara moja."

Mwenyekiti ni jina tulilompa mchanamaji mzee wa kile kisiwa. Ana kidole kimoja kilichopinda, na yeye ndiye anayeita wa kwanza hatari ikija. Akiita yeye, kundi zima linatii, mpaka viota vya mwisho.

Gaudensia alikaa na ile simu mkononi. "Na wakirudi wakakuta hakuna mamba? Unajua watakachomfanya."

"Najua, dada yangu. Ndege mmoja. Kisiwani kuna makinda wangapi?"

Hakuwa anasema vibaya. Nilitamani awe mtu mbaya ili nimkasirikie vizuri, lakini Melkiori ni mtoto wa watu, na sauti yake ilikuwa imechoka.

"Wewe ndiye uliye hapo," akasema. "Amua. Mimi nina bibi kizee hapa anagoma kupanda lori bila mbuzi wake."

*

Kisiwa cha wachanamaji ni kirefu na kimelala, kama mgongo wa mtu anayeogelea. Upande wa kaskazini kinaungana kwa kishingo chembamba cha mchanga na kilima kilichoota nyasi, ambako sheshe hulala. Maji yakipanda, kisiwa kinazama na kile kishingo kinazama; kilima kinabaki. Kwa hiyo lilikuwa jambo moja tu: makinda wapite kile kishingo kabla ya maji.

Utasema, si mngewabeba? Kinda wa mchanamaji ana rangi ya mchanga ule ule. Amelala, humwoni. Ungeweka mguu chini ungekuwa umeua. Utasema, si mngewatisha tu? Wakimwona mtu, au wakisikia "tai", wanajibana chini na kuganda, hata umwage maji juu yao. Ni kwa neno moja tu wazazi wanawaongoza watoto kutoka majini kwenda kwenye nyasi. Neno hilo ni "mamba". La "maji yanakuja" Kinywa hakina. Tangu bwawa lijengwe hakuna aliyemsikia ndege akilisema, kama waliwahi kulisema.

"Kwa hiyo ni uongo," Gaudensia akasema. "Upande wowote ni uongo. Ama niuseme kwa sauti yake, ama kwa yangu."

Nisikilize sasa, maana hapa lazima ujue mila yetu. Sisi wa mtoni, kelele ya mamba haichezewi. Ukiita "mamba!" naye hayupo, mtumbwi wako unatolewa majini, unapinduliwa kifudifudi ukingoni, na unalala hivyo msimu mzima wa uvuvi. Na ukiita mtu kutoka ng'ambo, hakuna anayekuitikia. Kaka yangu Kasiani aliwahi kuita hivyo ujanani ili aone wasichana wakikimbia na ndoo. Msimu mzima alikuwa anaita "Hoo!" mtoni, anangoja, halafu anajiitikia mwenyewe "Hoo!" ili asionekane mjinga. Mama yetu alikuwa anamsikia, anaendelea kuosha sufuria.

Gaudensia alikulia kwenye hadithi hiyo. Alikuwa akicheka sana kila nikiisimulia. Siku hiyo hakucheka.

"Unataka nini, mjukuu wangu?" nikamuuliza.

"Sijui, bibi. Lolote utakalosema."

"Mimi sisemi."

"Bibi!"

"Sisemi. Ndege ni wako, sauti ni yako. Ukiniachia mimi, kesho utasema ni bibi. Piga moyo konde, useme."

Akatazama kile kisiwa. Mwenyekiti alikuwa amesimama ncha ya mbele, mdomo wake mwekundu unang'aa, kidole kimepinda. Kwenye ukingo wa mchanga niliona mstari mwembamba wa povu ambao tulipofika haukuwapo, na vipande vya matete vilivyokatika, na gunzi la mahindi. Gunzi hilo limetoka shambani kwa mtu, huko juu. Maji yalikuwa yameshaanza.

"Sauti yangu," akasema. "Yeye asiguswe."

Akagusa Kinywa.

*

Mlio ukapanda, ukashuka. Mamba.

Kundi zima likainuka kwa mpigo, likafunika jua. Moyo wangu ukaruka pamoja nao. Kisha nikaona kitu ambacho hatukukitegemea. Mwenyekiti akazunguka juu mara moja, akainamisha kichwa, akayatazama maji yote, huku na huku, kama mzee wa kanisa anayehesabu sadaka. Hakuona mamba. Akatua. Wengine nao wakaanza kutua.

"Wananiamini," Gaudensia akasema. "Wananiamini, lakini wanaangalia."

"Waite tena."

Akaita tena. Safari hii waliinuka nusu. Ukishaita mara mbili bila kitu, ya tatu ni upepo.

Kidole chake kilikuwa kinasogea juu ya kioo. Nilijua kinakoelekea. Sauti ya Mwenyekiti ilikuwa imo humo ndani, mguso mmoja tu.

"Ngoja," nikasema. "Wanataka mamba? Nitawapa mamba."

"Bibi, unafanya nini?"

Nilikuwa nimeshalala. Nililala kifudifudi juu ya kayaki yangu, tumbo juu ya pumba za mpunga, kafi nimelilaza chini ya kifua. Kitenge changu nilikilowesha, nikajifunika kuanzia kichwani, nikashindilia tope juu yake kwa kiganja. Miguu nikainyoosha nyuma mpaka ikagusa maji, magoti yakalia kama mlango mbovu.

"Bibi, humu mna mamba wa kweli!"

"Wakija nitawaambia ni mgeni wao. Wewe nyamaza uite."

Nikaingiza mikono majini hadi kwenye viwiko, nikaanza kuvuta. Taratibu. Nimewatazama mamba tangu nikiwa mtoto wa kuchota maji, najua wanavyokwenda. Mamba haendi kwa haraka. Haendi hata kama anataka. Anasogea kama gogo lililokumbuka jambo. Nikawa hivyo. Kayaki yangu chini chini, rangi ya tope, kichwa cha kitenge mbele, nikaelekea ncha ya kisiwa. Maji yalikuwa ya baridi kwenye kwapa. Kitu kilinigusa kidole, nikajiambia ni jani.

Nyuma yangu sauti ya Gaudensia ikapanda, ikashuka. Mamba.

Na Mwenyekiti akaniona.

Alikuja kutoka juu kama jiwe. Akanipiga mgongoni kwa kifua, akanimwagia maji, akapita. Na alipokuwa anapita akaita mwenyewe, kwa koo lake mwenyewe, ule mlio wake wa kukwaruza. Gaudensia hakugusa kitu. Nilisikia kwa masikio yangu: alikuwa yeye.

Laiti ungeona! Mchanga wote ukaanza kutembea. Nilidhani macho yangu yamechoka. Makinda, waliokuwa hawaonekani, wakainuka mahali walipolala, miguu mifupi, midomo bado iko sawa juu na chini kwa sababu wa chini huja kurefuka baadaye, wakakimbia wakipepesuka kwenye kile kishingo, wazazi juu yao wanapiga kelele, wanawasukuma kwa upepo wa mbawa. Mimi nikavuta kwa mikono, mkono huu, mkono ule, nikiwafuata kando kando, mamba mzee anayetaka chakula cha mchana. Na maji yalikuwa yanapanda pamoja nasi. Yalipoanza kuramba kile kishingo, wengi walikuwa wameshagusa nyasi. Si wote. Wale wa mwisho, waliokuwa wadogo mno, maji yaliwachukua nikiwatazama. Sitakudanganya kuhusu hilo.

Halafu mgongo wangu ukakamaa.

Nilijitahidi, Mungu anajua. Lakini mgongo wa umri wangu ukikamaa hauombi ruhusa. Nikapiga yowe, "Yesu wangu!", nikainuka nikakaa, kitenge kikaanguka, nywele nyeupe hizi zikaonekana, na kundi zima likiwa juu yangu. Kelele zikakatika. Mwenyekiti akapita chini kabisa, jicho lake likanitazama. Halafu akamtazama Gaudensia, mwenye kile Kinywa mbele yake.

Wakaenda zao kilimani kimya kimya.

*

Na sisi tulipanda kile kilima, upande wa pili, tukawaacha wao upande wao. Kufika jioni, kisiwa kilikuwa kimepotea. Maji ya kahawia yalikuwa yanapita juu yake kana kwamba hakikuwahi kuwapo. Melkiori akaita kusema watu wote wametoka, na mbuzi wa yule bibi naye ametoka. Tukacheka kidogo.

Gaudensia alisogea na Kinywa hadi karibu na nyasi walipokusanyika wachanamaji. Niliwaona makinda chini ya matumbo ya mama zao. Akagusa kioo. Sauti yake ikapanda, ikashuka. Tunapita.

Hakuna aliyeitikia.

Akangoja. Akasema tena. Ndege mmoja akageuza kichwa, akakirudisha kwenye manyoya. Hata yangeyange wa kando, wasiohusika, walinyamaza. Habari kule husambaa.

Mwenyekiti alikuwa amesimama mbele ya wenzake, mahali pake. Hakuna aliyemdonoa. Wote walikuwa wamemwona yule mamba pamoja naye.

Gaudensia alirudi. Akaishika kayaki yake, akaivuta mpaka pakavu, akaipindua. Kifudifudi, tumbo juu. Akaisukuma kidogo ili ikae sawa.

"Wewe!" nikamwambia. "Hukudanganya wewe. Mamba alikuwepo. Mimi."

"Bibi, wewe si mamba."

"Leo nilikuwa. Muulize mgongo wangu."

Akacheka huku machozi yanatoka. "Niliita kabla hujalala, bibi. Mara mbili. Ilikuwa tupu."

"Na makinda wako kule wanapumua."

"Wako. Ningeita tena." Akajifuta kwa mkono. "Lakini nilidanganya, na ilale."

Sikubishana. Nilijisikia vizuri, kusema kweli, vizuri sana, kuona mtoto niliyemlea anafanya jambo bila kutazama uso wangu kwanza. Nikatoa chakula. Tulikuwa na wali uliofungwa kwenye jani la mgomba, na kambale wa kubanika niliyemwandaa jana yake, mnene, ngozi imekauka vizuri. Nikamkata. Kama kawaida nikauliza, nikijua jibu.

"Utakula kipande gani?"

"Cho..." akaanza.  Akaitazama kayaki yake pale ilipolala.

"Kichwa," akasema.

"Nini?"

"Kichwa, bibi. Nimekitaka tangu nikiwa mdogo. Ulikuwa unampa babu. Babu alipofariki ukawa unakila wewe."

Nikabaki na kisu hewani. "Miaka yote hiyo? Na ulikuwa unakaa unanitazama nafyonza?"

"Ulikuwa unafyonza kwa sauti, bibi."

Nikampa kichwa. Akakishika kwa mikono miwili, akakifungua mashavu, akala kama mtu anayefanya kazi aliyoisomea. Mimi nikachukua mkia, na sikulalamika. Nililalamika kidogo.

Simu ya upepo ikakoroma tena.

"Gaudensia," sauti ya Melkiori ilikuwa imefurahi mno. "Wakubwa wamepata habari. Wanataka uende hifadhi nyingine, ukafundishe wenzako kuita ndege kama ulivyoita leo. Na huku wataleta Kinywa kipya, kina sauti za ndege wote, huhitaji tena kuhangaika na yako. Nyumba watakupa, kila kitu. Wanangoja jibu. Niwaambieje?"

Nikashika wali mkononi, sikuupeleka mdomoni. Nilijua jibu lake la siku zote, neno lile lile, na jinsi atakavyotazama pembeni akilisema.

Akaweka mfupa chini. Akajipangusa mafuta kwenye nyasi, kidole kimoja kimoja, akaichukua simu. Hakutazama pembeni. Aliwatazama wachanamaji.

"Waambie sitaki Kinywa kipya, na siendi. Hiki nilicho nacho nakitoa mdomo, nakiachia masikio. Kayaki yangu italala hapa msimu mzima. Ukiisha nitarudi majini na bibi yangu, nisiwaambie ndege chochote, niwasikilize tu. Hicho ndicho ninachotaka, Bwana Melkiori. Nimekitaka tangu siku ya kwanza."